Chafya kwa Jina la Kipkirui

Kapsoya, Eldoret
Jumatatu, 3 Machi 2025

Kogo mpendwa,

Chamgei, bibi yangu. Naomba karatasi hii ikukute mzima, na magoti yako yawe yameacha kelele. Mimi sijambo. Maziwa yako ya mgando, mursik, yalifika salama ndani ya katoni ya sabuni ya Mzee Ephantus. Kizibo kilinuka sabuni kidogo, lakini nilikunywa yote na sikumgawia mtu.

Naandika kwa kalamu kama ulivyoagiza. Ni kweli, tangu masikio yako yaanze kugoma, simu imekuwa taabu. Mara ya mwisho nilipokupigia, majirani zangu wote hapa Kapsoya walijua ng'ombe wako mweusi amekataa kushika mimba, na mmoja bado ananiuliza habari zake. Mzee Ephantus amekubali kubeba barua zetu kila akija mjini kununua bidhaa za duka. Mwambie kaka yangu Kimeli asimwache mkewe Cynthia ateke maji katika hali yake, siku zake zimekaribia.

Kazi inaendelea vizuri. Ni hivi tu: Mkuu wa chuo chetu cha afya, Madam Kabura, ametoa waraka. Kuanzia Jumanne baada ya Pasaka, mtu yeyote wa chuo anayeingia wodini, awe mwanafunzi, mwalimu au mfanyakazi, lazima awe amechanjwa sindano ya homa ya mafua. Niliuchapa waraka huo kwa mikono yangu mwenyewe, Kogo, na nilipofika kwenye neno "mfanyakazi" vidole vilisimama. Nikamuuliza Madam kama labda alimaanisha wafanyakazi wa hospitali.

Akanitazama juu ya miwani. "Kigen, nani huchukua mahudhurio ya wanafunzi wodini kila asubuhi?"

"Ni mimi, Madam."

"Basi wewe ni mfanyakazi ama ni pazia?"

Nikaendelea kuchapa. Karani asiyeingia wodini hapa hana kazi, na mkataba wangu unaisha Juni.

Wanafunzi wamechemka. Kesho kutwa nitabandika tangazo la mkutano wao, na mimi ndiye nitakayeandika kumbukumbu.

Swali moja dogo, Kogo, wala si la haraka. Je, kanisa letu lina msimamo wowote kuhusu sindano? Nauliza kwa niaba ya mtu fulani hapa kazini.

Mjukuu wako,
Kigen


Turbo
Jumamosi, 29 Machi 2025

Kigen, mtoto wa mwanangu,

Kabla hujasoma jambo lingine lolote, jua kwamba umekuwa baba mdogo. Cynthia amejifungua mvulana, kabla ya siku zake kutimia. Ni mdogo kama sungura, lakini sauti yake ni ya mnadani. Mama yake anaendelea vizuri. Kimeli anatembea kijijini kana kwamba ni yeye aliyejifungua. Mvua imegusa udongo na tunapanda. Ng'ombe mweusi ameshika mimba, mwambie jirani yako alale.

Barua yako ilikaa dukani kwa Ephantus chini ya magunia ya sukari. Aliniomba radhi, nikamwambia hata mimi nilipokuwa nafundisha kuna barua za wazazi nilizikalia.

Sasa huyo mtu fulani. Mwambie kanisa letu lina mafundisho juu ya pombe, juu ya uvivu, na juu ya wanaokuja ibadani sadaka ikishapita. Juu ya sindano, halina. Mwambie pia kwamba bibi yake anakumbuka siku manesi walipofika shuleni kuchanja surua, tukamtafuta mtoto mmoja wa darasa la kwanza mpaka jioni, tukampata ndani ya stoo yetu ya mahindi, amejifunika magunzi hadi puani. Jina la mtoto huyo sitaliandika.

Nikueleze habari za majina. Ninyi mliosoma mjini mnasahau upesi, kwa hiyo sikiliza tena: akina mama wa ukoo tunakaa na mtoto, tunawaita waliotangulia mmoja mmoja, na jina ambalo mtoto atalipigia chafya, huyo ndiye aliyerudi. Tuliita. Tukaanza na babu yako, kimya. Tukaita baba yake, kimya. Tukaita wazee wote wenye ng'ombe na heshima. Mtoto anatutazama tu kama mkaguzi wa shule aliyekuta ubao mtupu. Mama mmoja akatoa ugoro amguse puani, nikamshika mkono. Chafya ya kununuliwa si chafya. Mchungaji alipita barabarani, akasikia, akakanyaga baiskeli kwa nguvu asije akawa ameona. Yeye mwenyewe alipewa jina kwa chafya.

Tutakutana tena Jumatatu ya Pasaka. Liko jina moja nililowakataza kuliita. Usiniulize.

Njoo Pasaka umbebe mtoto. Ukiwa na kikohozi, kaa huko huko.

Kogo


Kapsoya, Eldoret
Jumanne, 15 Aprili 2025

Kogo mpendwa,

Hongera kwetu sote! Nilisoma habari za mtoto nikiwa mezani kazini, nikacheka peke yangu mpaka Madam Kabura akafungua mlango kuona kuna nini. Nimenunua blanketi, la manjano, kwa sababu sikujua rangi gani haitaleta maneno. Pokea kutoka kwa Mzee Ephantus pamoja na barua hii.

Mkutano wa wanafunzi ulifanyika kwenye ukumbi wa chakula, na nitakusimulia kwa sababu najua unapenda mabishano.

Dennis, kiongozi wa mwaka wa tatu, ndiye aliyeutetea waraka. Ni kijana mrefu anayezungumza kama tayari amevaa koti la daktari. Akasema, "Tunafundishwa kunawa mikono kabla ya kumgusa mgonjwa. Kuna mtu hapa aliwahi kulia kwamba sabuni imevunja haki zake?"

Sauti ikatoka nyuma, "Buda, sabuni haidungi!"

Ukumbi ulicheka sana. Mimi sikucheka, Kogo. Niliandika: mjumbe mmoja alitaja tofauti kati ya sabuni na sindano.

Kisha akasimama Waceke. Unamjua, ni binti wa Mzee Ephantus, anasomea uuguzi. Alianza polepole kama mtu anayepima dawa. "Mimi sikatai sindano. Nakataa kusukumwa. Mgonjwa tunamwomba ruhusa hata ya kumpima presha. Nikivaa yunifomu, ruhusa yangu mimi inaenda wapi?" Walimpigia meza mpaka vikombe vikaruka. Akaongeza, "Na mafua ni nini? Sisi ni vijana. Unakunywa chai ya tangawizi, unalala, kesho uko kazini."

"Wewe utakunywa tangawizi," Dennis akamjibu. "Na mgonjwa wako wa kitanda cha nne?"

Msichana wa mwaka wa kwanza akasema binamu yake alichanjwa na wiki hiyo hiyo akaugua. Dennis akaeleza kwamba sindano hii haizuii kila kikohozi cha duniani, na kwamba mwili unahitaji kama wiki mbili ndipo ujenge kinga. Mwingine akauliza kama walimu watachanjwa mbele ya watu. Wazo hilo lilipendwa kuliko yote.

Mwishowe waliinua mikono. Wengi walisema watachanjwa wakielezwa vizuri. Walipoulizwa kama iwe lazima, mikono mingi ikashuka. Niliona ajabu, watu wale wale, sindano ile ile, ila neno moja tu limeongezwa.

Halafu Dennis akageuka. "Na karani wetu? Bwana Kigen, wewe uko upande gani?"

Nikasema, "Mimi naandika tu."

Sindano zimeanza kutolewa. Foleni ni ndefu, nami nimeona ni adabu kuwaachia wanafunzi watangulie.

Kuhusu Pasaka, nasikitika sitaweza kuja. Kazi ni nyingi. Waceke anakuja nyumbani, atakusalimu.

Ni jina gani hilo ulilowakataza?

Kigen


Wodi ya watoto, Eldoret
Alhamisi, 24 Aprili 2025

Kigen,

Usishangae barua kutoka karibu namna hii. Nimeazima karatasi kwa nesi, na Waceke atakuletea kwa mkono.

Mtoto anapumua.

Nikusimulie ilivyokuwa, maana Kimeli alipokupigia simu Jumatatu hakuweza kusema kitu cha maana. Akina mama walikutana kama nilivyokwambia. Tukaita majina. Kabla sijawahi kumzuia, mama mmoja asiyejua kufunga mdomo akasema, "Kipkirui!" Na mtoto akapiga chafya. Kubwa! Tukapiga vigelegele, hata mimi, ingawa hilo ndilo jina nililokataza. Vigelegele havijaisha akapiga chafya nyingine. Tukatazamana. Mtu akamwita Cynthia alete maziwa, mtoto akapiga chafya. Kimeli akamfokea mbwa, Simba, na mtoto akampigia chafya Simba pia. Kwa hesabu hiyo alikuwa ukoo mzima pamoja na mifugo.

Tulicheka, Kigen. Tulikuwa tunacheka Waceke alipoingia na mkate wa dukani. Hakucheka. Aliweka mkate chini, akamfungua mtoto blanketi lako la manjano, akatazama kifua chake kinavyoingia ndani. Akasema, "Kogo, hili si jina. Huu ni ugonjwa. Tunaenda hospitali sasa hivi." Ephantus alitupeleka na pikapu yake, magunia ya sukari bado yako nyuma.

Daktari anasema ni homa ya mafua. Nani aliileta, hakusema, wala mimi siulizi. Mtoto huyu amebebwa na Turbo nzima. Kimeli alikuwa anakohoa wiki hiyo. Waceke alimbeba Ijumaa Kuu huku kamasi zikimtoka, na sasa ameamua ni yeye. Amekaa kwenye ngazi analia. Nimemwambia kama si masikio yake tungekuwa bado tunamwita mbwa. Hasikii. Ajabu, mimi ndiye kiziwi.

Nilimuuliza daktari kwa nini hawakumchanja mtoto alipozaliwa. Akasema chanjo hii haitolewi kwa mtoto wa chini ya miezi sita. Kinga yake ni watu wanaomzunguka.

Sasa wewe. Jana ulikuja. Ulisimama nyuma ya kioo cha mlango ukapunga mkono kama mtu anayefukuza kuku kwenye mahindi. Nikakuita uingie. Ukanyoosha mkono, ukagusa hapa kwenye kifundo, kunionyesha saa, kwamba una haraka.

Kigen, wewe huna saa.

Kogo


Kapsoya, Eldoret
Jumamosi, 26 Aprili 2025

Kogo,

Umesema kweli, sina saa.

Hakuna mtu aliyenizuia mlangoni. Nesi hata alinitikisia kichwa nipite. Lakini waraka ule niliuchapa mimi, Kogo, niliupiga mhuri mimi, na nimeubandika mimi kwenye ubao. Ningeupitaje? Na nilimwona mtoto na mrija puani. Nikaona heri unione mjinga nikiwa nje.

Huyo mtu fulani wa kazini unamjua. Kila asubuhi tangu sindano zianze nilifika kwenye foleni, na kila asubuhi nilikumbuka nimeacha droo wazi. Droo yangu haijawahi kufungwa na kufunguliwa kiasi hicho.

Jana nilimkuta Waceke kwenye ngazi, akanipa barua yako. Nikakaa. Baadaye nikamwambia, "Kogo amesema uache kulia."

"Kogo ni mkarimu."

"Kogo si mkarimu. Alinitandika kwa sababu ya magunzi."

Alicheka kidogo, akapangusa uso. Akasema, "Nimechanjwa leo asubuhi. Na usiandike kwenye kumbukumbu zako kwamba nimeshindwa. Waraka bado naupinga. Sikuchanjwa kwa sababu ya mhuri wako. Nimechanjwa kwa sababu nimeona kile kifua." Kisha akanitazama vizuri. "Wewe je?"

"Foleni ni ndefu."

"Kigen. Foleni iliisha Jumatano."

Nikaanza habari za droo, akanikatiza.

"Unaogopa sindano?"

"Naogopa vitu vingi," nikasema. "Sindano ndiyo imetangulia."

Hakunicheka, Kogo, na hilo ndilo lililonimaliza. Kama angecheka ningekasirika na kwenda zangu. Alisimama tu akasema, "Twende. Mwalimu yuko ndani, mimi nitakudunga. Nimeshadunga watu wengi na wote wanaishi."

Dennis alikuwa hapo akipanga pamba. Alipofungua mdomo, Waceke akamwambia, "Zii, Dennis, leo hapana," naye akaufunga. Nilikunja shati. Waceke akasema nitazame ukutani na nitaje kitu chochote ninachokijua kwa moyo. Kogo, kichwa kilikuwa kitupu kabisa. Sikukumbuka hata sala. Kilichokuja ni majina yenu. Nikaanza kuwaita wazee kama mnavyowaita ninyi, babu, baba yake, wote wenye ng'ombe na heshima, na walipokwisha nikasema lile la barua yako, "Kipkirui."

"Tayari," Waceke akasema. "Shusha shati."

Ilikuwa kama kuumwa na siafu, siafu mmoja. Leo mkono unauma kidogo. Nimekaa ofisini nikiutazama kwa heshima.

Dennis amenikumbusha habari ya wiki mbili. Kwa hiyo nitaendelea kusimama nyuma ya kioo, lakini sasa usinionee huruma, nimesimama kwa sababu nyingine. Punga mkono tu ukiniona, nami nitakupungia.

Sasa nimekwambia yangu. Kipkirui ni nani, na kwa nini ulimkataza?

Kigen


Turbo
Jumanne, 20 Mei 2025

Kigen, mjukuu wangu,

Tuko nyumbani na mahindi yamefika magotini. Mtoto amenenepa, shingo imepotea, na sasa anatutazama kama mkaguzi aliyeshiba. Wewe mwenyewe ulimbeba siku ile ulipoingia wodini bila kugusa kifundo cha mkono. Ulimshika kama sinia la mayai. Cynthia amekuigiza hapa mpaka watu wamelia.

Wiki iliyopita tulimwita tena. Nilihakikisha kwanza: nilimtazama kifua, nikamkagua pua, nikamwita Waceke naye akatazama. Safi kabisa. Hakuna aliyekuwa na kikohozi, na nilisimama mlangoni mwenyewe kuwakagua. Tukaita wazee wote. Kimya, kama mara ya kwanza. Ndipo nikasema wacha yaishe, nikaliita mimi kwa mdomo wangu: Kipkirui. Chafya moja. Tukangoja. Tukamwita mbwa. Hakuna.

Basi nikwambie.

Kipkirui alikuwa kaka mkubwa wa babu yako. Wachanjaji walipokuja kambi ya chifu, enzi za wakoloni, watu walipangwa mstari. Zamu yake ilipofika alitupa shuka akakimbia uchi kupita katikati ya watu wote, mpaka msituni. Wasichana walimtungia wimbo. Nilipoolewa hapa niliukuta bado unaimbwa, na ndiyo sababu ukoo haukutaka jina hilo kwa mtoto. Nani anataka mvulana wa kukimbia?

Lakini wimbo unaishia msituni, na babu yako ndiye aliyeniambia mwisho wake. Jioni, wachanjaji wakifunga masanduku, Kipkirui alirudi kwa miguu yake. Hakuna aliyemfuata. Hakuna aliyemlazimisha. Akatoa mkono. Mchanjaji akamuuliza kwa nini sasa. Akasema, "Nimemaliza kukimbia."

Na jambo la mwisho. Wewe ulipokuwa mtoto tulikuita hivyo hivyo, na ulipiga chafya kwa jina hilo hilo. Tuliwaambia watu ulipigia jina la babu yako. Nilinyamaza miaka yote hii nikidhani nikikwambia utakimbia zaidi. Nilikosea. Sikukuhesabia ile jioni.

Sasa ninao wawili.

Kogo


Kapsoya, Eldoret
Jumanne, 27 Mei 2025

Kogo,

Nimesoma barua yako mara nyingi, na kila mara nikifika kwenye shuka nacheka, na nikifika jioni siwezi kucheka.

Mkataba wangu umeongezwa. Nilitaka ulijue hilo kabla ya mengine.

Wanafunzi hawakuacha. Waceke na Dennis, ambao sasa wanagombana kila siku na hawawezi kukaa mbali, walikwenda pamoja kwa Madam Kabura, naye amenipa waraka mpya nichape. Kila mtu anaelezwa kwanza na kuulizwa. Atakayekataa atavaa barakoa wodini msimu wote, na hataingia kwa watoto wachanga. Walimu watachanjwa mbele ya wanafunzi. Waceke amesoma na kusema, "Sasa huu naweza kuutia sahihi." Dennis amesema ni ule ule umevaa tai. Mimi nimechapa tu, ila nilipofika kwenye neno "mfanyakazi" vidole havikusimama.

Mbusu mtoto, Kipkirui mwenzangu. Mwambie akifikisha umri wa sindano nitamshika mkono, na tutataja mbwa, ng'ombe, mtu yeyote anayemtaka.

Kuna jambo moja tu. Leo Waceke ameniambia, kwa utulivu kabisa, kwamba sindano hii hurudiwa kila mwaka. Kila mwaka, Kogo! Hakuna aliyenieleza hilo nikiwa nimekunja shati.

Nitakwenda. Lakini tafadhali, mwambie Kimeli asiyaondoe magunzi yote stoo.

Mjukuu wako wa jioni,
Kigen